Mbwa mchanga haharakishwi: Jinsi familia za Uingereza zinavyomfundisha mbwa kuwinda sungura usiku

Ni saa mbili usiku, mwezi wa Novemba, katika kijiji cha wakulima nchini Uingereza. Angani hakuna mbalamwezi, upepo unavuma na manyunyu yanaanguka. Kwa watu wengi huo ni usiku wa kukaa karibu na moto. Kwa wawindaji wa sungura, hakuna usiku mzuri kuliko huo.

Tuseme katika nyumba moja kijana wa miaka 14 ameshavaa mabuti. Mkononi ana tochi kubwa. Pembeni yake amesimama mbwa wake wa miezi saba, miguu mirefu, kiuno chembamba, masikio juu. Amerefuka kiasi kwamba mgeni angedhani ni mbwa mzima. Kijana anamtazama baba yake bila kusema kitu. Swali linajulikana, na jibu linajulikana pia: bado.

Neno hilo fupi ndilo gumu kuliko yote katika malezi ya mbwa wa aina hii. Wafugaji wenye uzoefu hukubaliana kwamba mbwa wengi wa usiku hawaharibiki kwa kukosa mbio wala pua. Huharibika kwa sababu mwenye mbwa alishindwa kusubiri. Mfupa uliovunjika mapema hauponi vizuri kila mara, na hofu iliyoingia mapema hutoka kwa shida. Kwa mzazi mwenye kijana na mbwa ndani ya nyumba moja, hilo ni somo la kulea wote wawili.

Mbwa wa mchanganyiko

Mbwa anayezungumziwa hapa huitwa lacha. Si aina moja safi ya mbwa. Ni mchanganyiko uliopangwa: upande mmoja mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, kama greihaundi au wipeti, na upande wa pili mbwa wa kazi, mara nyingi koli anayechunga kondoo au teria. Kwa mbwa wa mbio hupatikana kasi. Greihaundi anaweza kupita kilomita 60 kwa saa. Kwa mbwa wa kazi hupatikana akili, usikivu na manyoya ya kustahimili baridi.

Kazi yake ya asili ni kumpatia mwenyewe kitoweo. Usiku sungura hutoka kwenye mashimo yao na kula majani katikati ya shamba. Mwindaji hutembea kimya akiukabili upepo, ili harufu yake na kishindo cha miguu visimtangulie. Anawasha taa, anapitisha mwanga polepole juu ya majani, na macho ya sungura yanang'aa. Hapo mbwa hufunguliwa. Kinachofuata huchukua sekunde chache tu: ama sungura amekamatwa, ama amefika kwenye kichaka au shimo lake.

Si Waingereza wote wanaoupenda uwindaji huu. Wapo wanaouona ni ukatili na wanaotaka ukome. Wakulima, kwa upande wao, huhesabu hasara ya ngano na majani yanayoliwa. Mjadala huo haujaisha, lakini katika vijiji vingi mbwa hawa bado wanafugwa na kufundishwa, mara nyingi na baba na mtoto.

Mifupa kwanza

Sababu ya kwanza ya kusema "bado" iko ndani ya mwili wa mbwa. Mtoto wa mbwa, kama mtoto wa binadamu, ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa mirefu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Sehemu hizo hugeuka mfupa mgumu mbwa anapomaliza kukua. Kwa mbwa wadogo hutokea kabla ya mwaka kwisha. Kwa mbwa wakubwa wenye miguu mirefu inaweza kufika miezi 12 hadi 18.

Mbwa wa miezi saba akikimbia kwa kasi yote gizani, akikata kona ghafla kumfuata sungura, uzito wake wote huangukia sehemu hizo laini. Zikiumia, mguu unaweza kukua umepinda, au mbwa akabaki na maumivu ya viungo maisha yake yote. Ndiyo maana wafugaji makini humwacha mbwa mchanga atembee, acheze kwenye majani na alale sana, lakini hawamrushi ua mrefu wala kumkimbiza kwa baiskeli.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mtoto wa mbwa mkubwa hapaswi kunenepeshwa, kwani uzito wa ziada huumiza viungo ambavyo havijakomaa. Mbavu zake zinatakiwa zihisike kwa vidole bila kubonyeza kwa nguvu.

Masomo ya mchana

Kusubiri hakumaanishi kukaa bure. Karibu kila kitu ambacho mbwa atakihitaji usiku hufundishwa mchana, katika miezi hiyo ya "bado".

La kwanza ni kuitika jina. Mbwa asiyerudi akiitwa mchana, usiku hatarudi kabisa. Mazoezi huanza ndani ya nyumba, kwa dakika tano au kumi tu, na huishia kwa zawadi ndogo ya chakula au kusifiwa. Kisha hufuata kukaa, kusubiri na kutembea kando ya mguu bila kuvuta kamba. Wengine huongeza mluzi, kwa sababu sauti yake hupenya upepo.

La pili ni kuleta. Lacha mzuri humkamata sungura na kumleta mkononi mwa mwenyewe akiwa hajatafunwa. Kijana huanza kwa kurusha soksi iliyofungwa fundo kwenye ujia wa nyumba, ambako mbwa hana njia nyingine ila kurudi alikotoka. Baadaye soksi hufungiwa ngozi kavu ya sungura ili mbwa azoee harufu na manyoya.

Hapa kuna kosa linalofanywa na vijana wengi. Mbwa akirudi na kitu mdomoni, wao hukinyakua. Baada ya mara mbili tatu mbwa hujifunza kwamba kurudi ni kunyang'anywa, naye huanza kuzunguka mbali au kukilalia. Wafundishaji hushauri kuchuchumaa, kumpapasa shingo na kifua, kumsifu, na kukipokea kitu pale tu anapokiachia mwenyewe. Vilevile, kuanzia miezi minne hivi mbwa hubadilisha meno. Fizi zikiuma, zoezi la kuleta husimamishwa kwa wiki kadhaa.

La tatu ni kuruka. Mashamba ya huko yamegawanywa kwa ua, malango na seng'enge. Mbwa mchanga huanza na ubao wa chini anaoweza kuuvuka kwa hatua. Urefu huongezwa akishakomaa.

Kondoo hawaguswi

Kuna somo ambalo kulishindwa kunaweza kumgharimu mbwa uhai wake. Mashamba wanakokaa sungura ndiko wanakolishwa kondoo, na mbwa mwenye damu ya mbio huvutiwa na chochote kinachokimbia. Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971 inampa mwenye mifugo utetezi, kwa masharti maalumu, akimpiga risasi mbwa anayeshambulia kondoo wake.

Kwa hiyo lacha hupitishwa katikati ya mifugo tangu angali mdogo, akiwa kwenye kamba, siku baada ya siku, mpaka kondoo wawe kitu cha kawaida kama miti. Akiwakazia macho, hukatazwa hapo hapo. Akiwapuuza, husifiwa. Kazi hii haina msisimko wowote, lakini ndiyo inayompa mkulima imani ya kuruhusu mbwa huyo ardhini kwake.

Ruhusa hiyo si jambo dogo. Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Uingereza na Wales Februari 18, 2005, ilipiga marufuku kuwinda wanyama wengi wa porini kwa mbwa. Sungura aliachwa nje ya marufuku hiyo, ila mwindaji awe kwenye ardhi yake au awe na ruhusa ya mwenye ardhi. Kuingia usiku kwenye shamba la mtu kuwinda sungura bila ruhusa ni kosa tangu sheria ya mwaka 1828. Scotland imekaza zaidi: sheria yake ya mwaka 2023 imemwingiza hata sungura katika ulinzi dhidi ya kufukuzwa na mbwa, isipokuwa kwa masharti machache.

Msomaji wa Kiswahili anahitaji kuelewa jambo moja zaidi. Neno sungura kwetu hubeba wanyama wawili. Yule mjanja wa hadithi za bibi, mwenye masikio marefu sana na asiyechimba shimo, huitwa pia kitungule. Huko Uingereza huyo ni marufuku kufukuzwa kwa mbwa, na tangu mwaka 2022 adhabu zake zimeongezwa, kifungo kikiwemo. Anayeruhusiwa ni yule mdogo anayeishi mashimoni. Mwenye taa lazima awatofautishe kabla hajafungua kamba, maana mbwa hajui sheria.

Na kuna kifungu kinachomgusa mzazi moja kwa moja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtu wa chini ya miaka 16. Mtoto wa umri huo akiwa na mbwa, mtu mzima anayemlea huhesabiwa kuwajibika kwa mbwa huyo. Kwa lugha nyingine, kijana anaweza kusema mbwa ni wake, lakini mbwa akiteseka, mzazi ndiye atakayeulizwa.

Usiku wa kwanza bila kukimbia

Mbwa akikaribia mwaka, huanza kutolewa usiku, lakini si kuwinda. Anatembezwa akiwa kwenye kamba. Anazoea giza, milio ya bundi, taa inayowaka na kuzimika, na kukaa kimya. Sungura akionekana, mbwa anaruhusiwa kutazama tu. Akilia au kubweka kwa hamu, matembezi huishia hapo na wote hurudi nyumbani.

Ukimya una sababu. Sungura akihisi hatari hugonga ardhi kwa miguu ya nyuma, na wenzake wote hukimbilia mashimoni. Mbwa mmoja mwenye kelele hufunga shamba zima kwa usiku huo.

Mchana, mwindaji mwangalifu huwa ameshapita shamba hilo hilo kwa miguu. Anatafuta seng'enge, mitaro, vyuma vya majembe ya trekta vilivyoachwa kwenye majani na mashimo yanayoweza kuvunja mguu. Mbwa anayekimbia na macho yote kwa sungura haoni waya. Ngozi ya mbwa wa mbio ni nyembamba na huchanika kama kitambaa. Shamba ambalo halijakaguliwa mchana halikimbiziwi mbwa usiku.

Mbio za kwanza

Siku inapofika, mbwa akiwa na miezi 12 hadi 14 au zaidi kutegemea ukubwa wake, kazi ya mwenye taa ni kumchagulia mwanafunzi wake mtihani unaowezekana. Anatafuta sungura aliyekaa mbali na ua, karibu na wao, kwenye majani mafupi. Sungura aliye hatua mbili kutoka kwenye shimo lake huachwa, hata kama kijana anatetemeka kwa hamu.

Mwanga huwekwa juu ya sungura, mbwa huonyeshwa, kamba huachiwa. Mwenye taa humfuata sungura kwa mwanga bila kumwangazia mbwa machoni. Sungura akipotea, taa huzimwa na mbwa huitwa. Akirudi mikono mitupu, husifiwa vilevile, kwa kuwa kurudi ndilo somo.

Usiku wa kwanza huishia na mbio moja au mbili. Hilo ndilo linalowashinda wengi. Mbwa amefanya vizuri, sungura wapo, usiku bado mrefu. Lakini mbwa mchanga hajui kusema amechoka. Akikimbizwa mara nane au kumi, misuli hujeruhika, na mbwa aliyekosa mara nyingi mfululizo huanza kukata tamaa au kubweka kwa hasira. Mwenye busara hufunga kazi mbwa akiwa bado anataka.

Kurudi nyumbani

Afya ya mbwa huangaliwa kabla hajalala. Hupewa maji kidogo kidogo, hukaushwa, na kukaguliwa kwa mwanga mzuri: vidole, kucha, kati ya vidole, kifua, mapaja na macho. Jeraha dogo la mwiba au waya huoshwa kwa maji safi. Lililo wazi hupelekwa kwa daktari wa mifugo. Mbwa wa kifua kirefu halishwi shibe muda mfupi kabla au baada ya mbio, kwani tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujisokota, hali inayoua ndani ya saa chache asipopata upasuaji.

Matumbo ya sungura hayatupiwi mbwa. Humo mnaweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo aina ya tegu wanaokuja kukomaa ndani ya mbwa. Tangu mwaka 1953 Uingereza ina pia ugonjwa wa sungura unaovimbisha macho, uliowaua zaidi ya tisa katika kila kumi ulipoingia. Hauwapati binadamu, lakini sungura mwenye dalili hizo hapelekwi jikoni.

Kwa watoto, minyoo ya mbwa wachanga ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo tayari. Mayai hutoka na kinyesi, hukomaa kwenye udongo, na mtoto akiyala kwa mikono michafu, viluwiluwi vinaweza kutembea mwilini na hata kudhuru jicho. Kinga yake ni rahisi: dawa ya minyoo kwa mbwa kwa ratiba ya daktari, kinyesi kuondolewa kila siku, na mikono kuoshwa kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa mzazi wa huku

Uingereza iliondoa kichaa cha mbwa kwa wanyama wake wa nchi kavu mwaka 1922, kwa hiyo kijana wa kule akichubuliwa na jino la mbwa wake, mzazi hulala. Afrika Mashariki hatuna nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mzazi unayefuga mbwa, wa ulinzi au wa kucheza na watoto, hakikisha amechanjwa na chanjo inarudiwa. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kungoja dalili. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Kuhusu kuwinda kwenyewe, kumbuka kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na Tanzania hutaka kibali. Mbwa na tochi si mchezo wa likizo.

Kinachoweza kuvuka bahari bila kibali ni ule utaratibu wa "bado". Watoto wengi wa leo wamezoea kupata kitu wakibonyeza. Mbwa habonyezwi. Anamtaka kijana aamke asubuhi ya baridi, amtoe nje, arudie zoezi lile lile mara mia, asikasirike, na asubiri mwili wa kiumbe mwingine ukomae kwa wakati wake.

Turudi kwa yule kijana. Ni Novemba nyingine. Yeye ana miaka 15, mbwa ana miezi 19. Kwa miezi yote hiyo wamefanya mazoezi mchana na kutembea gizani bila kufungua kamba. Usiku huu baba anashika taa, sungura anang'aa katikati ya shamba, na kamba inaachiwa kwa mara ya kwanza. Mbwa anapaa, anakata kona, anapitiliza. Sungura anaingia kichakani. Taa inazimwa.

Gizani kijana anapiga mluzi mara moja. Sekunde kadhaa zinapita, kisha pua yenye unyevu inagusa kiganja chake. Anainama, anamkagua miguu yote minne kwa vidole, na kumfunga kamba.

"Mara nyingine tena?" baba anauliza, akimjaribu.

"Hapana, baba," anajibu. "Leo inatosha."